Neno "Kirusi" na Ulinzi wa Kishikwambi: Historia Fupi ya Istilahi na Matumizi Yake

Utangulizi

Watumishi wa umma na walimu waliokabidhiwa vishikwambi kwa ajili ya kazi zao huuliza swali moja mara kwa mara: Je, kishikwambi hupata virusi? Na kama hupata, kikingwe kwa namna gani? Kwa juu juu swali hili ni la mafundi wa kompyuta. Lakini tukilitazama kwa makini tutaona kwamba nusu yake ni swali la lugha. Mtu anayeomba "dawa ya virusi" kwa ajili ya kishikwambi chake amekwisha kufikiri kama mgonjwa aendaye zahanati. Anaamini kuwa maradhi yamemfikia pasipo yeye kutenda lolote, na kwamba ipo dawa ambayo akiimeza atapona. Fikra hiyo hakuibuni yeye. Amepewa na neno lenyewe.

Makala haya yanakusudia kueleza neno "kirusi" lilikotoka, jinsi lilivyohama kutoka elimu ya tiba na kuingia katika elimu ya kompyuta, mahali linapofaa na mahali linapopotosha. Baada ya hapo tutatazama namna ya kukilinda kishikwambi, kisha tutatoa mapendekezo machache ya istilahi kwa wafasiri na walimu.

Yafaa kwanza kusema neno juu ya chombo chenyewe. Kiingereza hutumia neno moja kwa kidonge cha dawa, kwa bao la kuandikia na kwa kompyuta hii bapa inayoguswa kwa kidole. Kiswahili kimevitenga vitu hivyo: kidonge au tembe ni dawa, na kompyuta hii ni kishikwambi, ingawa wapo pia waiitao kompyuta kibao. Istilahi "kishikwambi" ilipata nguvu nchini Tanzania wakati wa Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, makarani walipokusanya taarifa za kaya kwa kutumia vyombo hivyo, ambavyo baadaye viligawiwa walimu. Kwa hiyo mfasiri anayekuta sentensi ya Kiingereza yenye "virusi" na neno hilo la maana tatu hana budi kuamua kwanza kama yumo hospitalini au yumo ofisini.

Asili ya neno

Katika Kilatini neno "virus" lilikuwa na maana ya sumu au utomvu wenye madhara. Mwaka 1892 mtaalamu wa Urusi, Dmitri Ivanovsky, alichuja maji ya majani ya tumbaku yenye ugonjwa kwa chujio la kaure ambalo bakteria hawapenyi, akaona kwamba maji yaliyochujwa bado yanaambukiza. Mwaka 1898 Mholanzi Martinus Beijerinck alirudia majaribio ya aina hiyo, akafikia uamuzi kwamba kiambukizi hicho si bakteria mdogo bali ni kitu cha namna nyingine, kinachoongezeka ndani ya chembe hai tu. Neno la kale la sumu likapata kazi mpya.

Kiswahili kilipolipokea neno hili kililifanyia jambo la kupendeza. Kwa kuwa "virusi" huanza na vi-, wasemaji walilihesabu kuwa ni wingi katika ngeli ya KI-VI, na wakalitafutia umoja wake: kirusi. Huu si upotofu. Ndio utaratibu wa lugha yetu. Kwa utaratibu huo huo Waswahili walilichukua neno la Kiarabu "kitabu" wakapata "vitabu". Wakayachukua maneno mawili ya Kiingereza ya kuwaamuru madereva wapite kushoto, wakapata "kiplefti" na "viplefti". Wakasikia "madigadi" ya gari, wakalikata kichwa, wakapata "digadi". Lipo tatizo dogo tu, nalo ni kwamba Kirusi ni lugha ya Warusi pia. Katika maandishi herufi kubwa hututenganishia maana hizo, na katika mazungumzo muktadha hutosha.

Neno lilienea katika vinywa vya wananchi hasa kwa sababu ya UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Elimu ya afya iliyofuata ilileta kifupisho cha VVU, yaani virusi vya UKIMWI. Miongo michache baadaye UVIKO-19 ililiimarisha zaidi. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anapoliona neno "virusi" haanzi na kompyuta. Huanza na mwili wa binadamu, na pamoja na mwili huja maambukizi, kinga, chanjo na dawa.

Kutoka tiba hadi kompyuta

Programu zenye tabia ya kujinakili zilikuwako kabla ya kupewa jina hili. Mwaka 1971 Bob Thomas, wa kampuni ya BBN ya Marekani, alitengeneza programu iliyoitwa Creeper, iliyoweza kuhama kutoka kompyuta moja hadi nyingine katika mtandao wa ARPANET. Mwaka 1982 kijana wa shule, Rich Skrenta, alitengeneza Elk Cloner, iliyosafiri kwa njia ya diski za kompyuta za Apple II.

Jina lilikuja mwaka 1983. Mwezi Novemba wa mwaka huo Fred Cohen, mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha Southern California, alionyesha mbele ya darasa programu iliyojipachika ndani ya programu nyingine. Mwalimu wake, Leonard Adleman, ndiye aliyependekeza iitwe kwa jina la kirusi. Katika maandishi yake ya mwaka 1984 Cohen alieleza kwamba kirusi ni programu iwezayo kuambukiza programu nyingine kwa kuzibadili ili zibebe nakala yake. Tazama jinsi maelezo hayo yalivyo finyu. Si kila programu yenye madhara ni kirusi. Lazima ijinakili, na lazima ijipachike katika programu nyingine. Cohen alithibitisha pia kwa hoja za hisabati kwamba haiwezekani kutunga programu moja itakayovitambua virusi vyote pasipo kukosea. Kwa maneno mengine, siku lilipozaliwa jina la ugonjwa ilijulikana tayari kwamba dawa kamili haitapatikana.

Kwa wakati ule sitiari ya ugonjwa ilifaa sana. Mwaka 1986 ndugu wawili wa mjini Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, walitengeneza programu iitwayo Brain, iliyojificha katika sehemu ya kwanza ya diski. Wao walisema nia yao ilikuwa kuilinda programu yao ya tiba isinakiliwe bila idhini, na ndani ya kirusi hicho waliandika majina yao na namba za simu. Brain ikasafiri nchi nyingi, kwa sababu diski zilipita mkono kwa mkono, kama maradhi ya kuambukiza yapitavyo mtu kwa mtu. Aliyepokea diski kwa rafiki hakuwa na kosa, wala rafiki hakujua alichobeba.

Sambamba na kirusi yalikuwako majina mengine mawili. Mnyoo ni programu ijinakiliyo yenyewe kupitia mtandao bila kuhitaji programu nyingine ya kuibeba. Wazo hilo lilitokana na riwaya ya John Brunner ya mwaka 1975, ambamo programu ya namna hiyo iliitwa tegu. Tarehe 2 Novemba 1988 mnyoo wa Robert Morris ulikwamisha maelfu ya kompyuta nchini Marekani. Jina la pili ni farasi wa Troya, lililotajwa katika taarifa iliyoandikwa mwaka 1972 kwa ajili ya Jeshi la Anga la Marekani. Huyu hajinakili kamwe. Hujidai kuwa kitu chema, na mwenye nyumba humfungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Mfano mzuri wa farasi huyo ulitokea mwaka 1989. Diski zipatazo 20,000 zilipelekwa kwa posta katika nchi mbalimbali zikiwa na maandishi yaliyodai kwamba zina maelezo juu ya UKIMWI. Aliyeipakia programu hiyo alikuta, baada ya kuiwasha kompyuta yake mara nyingi, kwamba majina ya mafaili yamefichwa, na ametakiwa kupeleka dola 189 katika sanduku la posta huko Panama. Watu wengi waliiita kirusi, hasa kwa sababu ya jina la ugonjwa lililoandikwa juu yake. Lakini haikuwa kirusi hata kidogo. Haikuambukiza diski yoyote. Iliingia kwa kukaribishwa.

Jinsi kishikwambi kilivyojengwa

Kompyuta za miaka ya 1980 zilikuwa kama nyumba ya chumba kimoja kisicho na milango ya ndani: programu iliyoingia iliweza kugusa kila kitu. Vishikwambi vilipoanza kuenea, kuanzia iPad ya Aprili 2010 na vile vya Android vilivyofuata mwaka huo huo, vilijengwa juu ya mifumo ya simu iliyokuwa imekwisha kujifunza kutokana na historia hiyo. Mambo matatu yalibadilika.

Kwanza, kila programu imefungiwa mahali pake, isiweze kusoma wala kuandika katika mafaili ya programu nyingine. Waingereza hupaita mahali hapo kwa jina la kisanduku cha mchanga wachezeacho watoto wao. Pili, kila programu hutiwa saini ya kidijitali na mtengenezaji wake, ili ikibadilishwa ijulikane. Na programu nyingi hupatikana katika duka rasmi la mfumo unaohusika. Tatu, programu ikitaka kutumia kamera, maikrofoni, mahali ulipo au orodha ya majina na namba za simu, haina budi kuomba ruhusa.

Matokeo ya mabadiliko hayo ni makubwa. Kirusi kwa maana halisi ya Cohen, yaani kile kijipachikacho ndani ya programu nyingine, karibu hakina mahali pa kuishi ndani ya kishikwambi. Hii ndiyo sababu katika iPad haiwezekani kabisa kupakia programu ya kukagua programu nyinginezo: nayo pia imefungiwa chumbani mwake. Je, tuseme basi kwamba hakuna hatari? La hasha. Hatari ipo, ila imebadili njia.

Yaliyotokea

Mwezi Novemba 1999 ungetaja diski. Mwezi Novemba 2009 ilikuwa ni simu. Huko Australia ulionekana mnyoo ulioitwa Ikee, ukipita simu za iPhone moja baada ya nyingine. Lakini ulizipata zile tu ambazo wenyewe walikuwa wamevunja kufuli za mfumo na kuacha nenosiri la kiwandani bila kulibadili. Simu iliyobaki na kufuli zake haikudhurika.

Mwezi Machi 2011 iligunduliwa kwamba programu zaidi ya 50 katika duka rasmi la Android zilikuwa nakala za programu halali zilizotiwa madhara ndani yake. Zikajulikana kwa jina la DroidDream. Hapa tunajifunza kwamba duka rasmi ni bora kuliko uchochoro, lakini si msahafu.

Mwezi Aprili 2014 duka hilo hilo liliuza programu iliyoitwa Virus Shield kwa karibu dola 4. Watu zaidi ya 10,000 waliinunua. Ilipochunguzwa ilionekana haifanyi kazi yoyote isipokuwa kubadili picha moja ya ngao ili mnunuzi aone kwamba amekingwa. Mwaka 2019 taasisi ya AV-Comparatives ya Austria ilizijaribu programu 250 za Android zinazodai kuzuia virusi, na ni 80 tu zilizoweza kutambua zaidi ya asilimia 30 ya programu zenye madhara pasipo kuzisingizia zilizo salama. Hapana shaka kwamba zipo zilizofanya kazi vizuri. Lakini nyingi zilikuwa zikiuza neno tu.

Mwezi Julai 2015 ilitangazwa kasoro iliyoitwa Stagefright, ambayo iliwezesha ujumbe wa picha uliotungwa kwa hila kuingia katika vyombo vingi vya Android bila mwenyewe kubonyeza chochote. Kuanzia mwezi uliofuata Google ikaanza kutoa viraka vya usalama kila mwezi.

Nchini Tanzania, mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakitoa mikopo mtandaoni bila leseni. Programu za mikopo za namna hii zimelalamikiwa sana kwa kuchukua majina na namba za simu za jamaa wa mkopaji na kuwasumbua. Kirusi hakikuhusika. Ruhusa iliombwa, ikatolewa.

Mwisho, mwaka 2025 ilijulikana habari ya BADBOX 2.0: vyombo vya Android vya bei rahisi visivyothibitishwa, vikiwamo visanduku vya televisheni na vishikwambi, vilikutwa na programu zenye madhara tangu kabla ya kufikishwa kwa mnunuzi. Mwezi Juni wa mwaka huo shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo kwa umma. Hapa methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako imetimia bila kupunguza neno.

Kilindwe namna gani?

Kutokana na historia hii jibu la swali letu la awali linajitokeza lenyewe. Kishikwambi hulindwa zaidi mlangoni kuliko kitandani.

La kwanza ni ununuzi. Kinunuliwe chombo kilichothibitishwa, na ofisi inayonunua vingi iulize mtengenezaji ataendelea kutoa viraka hadi mwaka gani. Katika vyombo vya Android uthibitisho huo huweza kusomwa katika mipangilio ya duka la Play.

La pili ni chanzo cha programu. Programu ipakiwe kutoka duka rasmi. Faili la programu lililoletwa kwa ujumbe lisifunguliwe, hata kama mletaji ni ndugu, kwa maana huenda naye amedanganywa. Na kufuli za mfumo zisivunjwe.

La tatu ni viraka. Kasoro iliyotangazwa hadharani hujulikana na mwizi siku ile ile anapoijua fundi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

La nne ni ruhusa. Programu ya tochi inayotaka orodha ya namba za simu ina sababu yake, na sababu hiyo si mwanga.

La tano ni kufuli ya kioo na nakala rudufu ya kazi, kwa kuwa kishikwambi huibiwa au kuanguka majini bila kungoja programu yoyote.

Ama kuhusu programu ya kuzuia virusi, katika iPad haina kazi ya ukaguzi. Katika Android ulinzi wa Play Protect, ulioanzishwa mwaka 2017, huwa umo tayari ndani ya vyombo vilivyothibitishwa na usizimwe. Anayetaka kuongeza mwingine achague uliopimwa na taasisi huru, wala asidhani kwamba umemwondolea wajibu wa yale matano.

Jambo hili si dogo. Katika kishikwambi cha mwalimu mna majina ya wanafunzi, alama zao na namba za wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za namna hiyo katika dhamana ya anayezishika. Mtoto aliyeandikwa humo hakuulizwa ni programu gani ipakiwe.

Mapendekezo ya istilahi

Kwa kuwa maelekezo mabaya huanzia katika maneno yasiyo wazi, tunapendekeza mambo manne kwa wafasiri na walimu.

Mosi, "kirusi" libaki na maana yake finyu: programu ijinakiliyo kwa kujipachika katika programu nyingine. Pili, kwa jumla ya programu zote zenye madhara itumike "programu hasidi", ambayo imekwisha kuanza kutumika. Waswahili husema hasidi hana sababu; hasidi huyu anayo, nayo aghalabu ni fedha, lakini neno linatufaa kwa kuwa linamtaja mtu mwenye nia, na halitaji maradhi yasiyo na mwenyewe. Tatu, isitumike "dawa ya virusi" bali "kinga" au "kizuia virusi", kwani dawa humfuata aliyekwisha kuugua. Nne, kwa mahali programu inapofungiwa tusitafsiri kisanduku cha mchanga, mchezo ambao watoto wengi wa kwetu hawaujui kwa jina hilo. Neno "kizimba" lipo tayari katika lugha, na kila aliyefuga kuku au kufika mahakamani anajua kwamba aliye ndani yake huonekana, husikika, ila hatoki apendavyo.

Hitimisho

Neno la kuazima halisafiri peke yake. Huja na jamaa zake. Kirusi kilipohama kutoka hospitalini kilikuja na wagonjwa, madaktari na dawa, na kwa zama za diski ugeni huo ulitufaa. Katika kishikwambi mgonjwa amegeuka kuwa bawabu. Mfasiri anapoandika maelekezo ya matumizi, na mwalimu anapoyasoma mbele ya wenzake, wamweleze mtumiaji kazi hiyo ya ubawabu kwa maneno yatakayomfanya aangalie mlango kabla ya kubonyeza.